Nesi na Duara la Kichuguu

Nesi alikula akizunguka. Bakuli la mlenda aliliweka juu ya pipa la maji pale uani kwake Nkuhungu, sahani ya ugali pembeni, naye akawa anapita: anamega tonge, anachovya, anaondoka akitafuna, anachungulia tairi lililoning'inia, anasogeza ndoo kwa mguu, anarudi kwenye pipa, anamega tena. Katika miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kumwona ameketi mbele ya chakula. Mgeni wa mara ya kwanza hakujua ajiweke vipi. Mimi nilijifunza kusimama palepale karibu na pipa, tukazungumza kwa vipande, kila alipopita.

"Shikamoo Nesi."

"Marahaba Karani. Ile barua imejibiwa?" Na hapo ameshafika mlango wa banda. Jibu langu lilibidi lisubiri mzunguko wa pili.

Sijui alizaliwa wapi. Alijua siku za kuzaliwa za watu wengi mno, lakini sikumbuki mtu aliyemwuliza yake. Jina lake sitaliandika. Sote tulimwita Nesi hata baada ya kuacha unesi, na nikiliandika nitaona haya zaidi ya ninavyoona sasa. Mimi ni mzee. Nilisoma hadi kidato cha nne, nikafanya ukarani katika ofisi ya michezo hadi nilipostaafu, na kwa miaka mingi nilikuwa na pasipoti ya mtu mwingine ndani ya sanduku langu la bati. Haikuwahi kugongwa muhuri wa safari hata mmoja. Aliyestahili kusafiri nayo alikuwa binti wa miaka kumi na saba aliyefundishwa na Nesi mbio za baiskeli, na aliyemzuia ni mimi.

Kabla ya hayo yote Nesi alikuwa mkunga. Alizunguka vijiji vya Kondoa na Chemba kwa baiskeli ya serikali, kapu la vifaa nyuma, na kila mtoto aliyempokea alimwandika kwenye daftari lenye jalada gumu: siku, saa, uzito, na neno moja la hali ya hewa. Vumbi. Mvua ya kwanza. Upepo. Nilimwuliza siku moja hali ya hewa inamsaidia nini mtoto.

"Mama anaweza kusahau tarehe," alisema. "Upepo ulioezua paa la jirani hausahau."

Alikuwa na ile saa ya manesi inayobanwa kifuani kichwa chini, ya kuhesabia mapigo ya moyo. Hata alipokuwa amevaa ovaroli iliyojaa grisi, saa ilikuwa pale, imeng'arishwa. Mambo yake mengine hayakupatana. Kwa miaka aliwaamuru wajawazito wa watu wakae na kuweka miguu juu, huku yeye mwenyewe hawezi kumaliza kikombe cha chai mahali pamoja. Alinawa kwa sabuni kabla ya kugusa baiskeli ya mashindano, akisema ndiyo itakayombeba mtoto wa mtu, kisha akala ugali kwa mikono yenye grisi hadi kwenye viwiko. Alichukia uongo kiasi cha kumfukuza kijana aliyedai amepata pancha kumbe amelala. Lakini vijana wake wa mbio walipokuwa wakizunguka kiwanjani, ulimi ukiwatoka kwa kiu, yeye aliwapigia kelele, "Bado miwili! Bado miwili!" wakati imebaki mizunguko mitano.

"Nesi, huo si uongo?" nilimwuliza.

"Hiyo ni dawa. Uongo ni kwenye maandishi."

Sentensi hiyo nilicheka nilipoisikia. Sicheki tena.

Alipunguzwa kazini katika miaka ile ya mageuzi, wakati kila kitu kilipoachiwa soko. Ninyi mliozaliwa baadaye hamjui ile hofu ya orodha. Asubuhi tulifika ofisini, tukafungua madaftari, na kila mtu akawa anasikilizia viatu vya mkuu kwenye korido, kama anakuja na karatasi. Wakati huohuo mjini kulikuwa na shamrashamra ambayo hatukuwahi kuiona: redio, sabuni za kila rangi, mitumba ya nguo, na makontena ya baiskeli kuukuu kutoka Ulaya. Sisi tulikuwa tunangoja kufukuzwa katikati ya maduka yaliyojaa. Nesi alikuwa kwenye orodha ya mapema. Nilipomwuliza siku ile alifanya nini, alisema alirudi nyumbani akafua sare zake zote, akazianika, akaenda kununua spana.

Akafungua banda la kutengeneza na kukodisha baiskeli. Kunyoosha ringi alifundishwa na msusi wa viti aliyekuwa amesoma shule ya wasioona ya Buigiri. Yule bwana alizungusha gurudumu, akapitisha kijiti kwenye spoki, akasikiliza ipi imelegea. Tangu hapo Nesi naye alifanya kazi hiyo macho yamefumbwa, na ole wako useme neno.

Siku moja kontena lilifunguliwa sokoni, na ndani yake ilikuwamo baiskeli ambayo hakuna aliyeitaka. Nyembamba, nyepesi, usukani umejikunja chini kama pembe za kondoo. Haikuwa na breki. Haikuwa na friwili pia, yaani ukiacha kukanyaga pedali zinaendelea kuzunguka na miguu yako. Kijana wa kwanza aliyeijaribu ilimpeleka moja kwa moja hadi kwenye meza ya nyanya. Watu wakasema ina jini.

"Mama, chukua hii ya kijani," mwuzaji alimwambia Nesi. "Hiyo itakuua. Haitaki kupumzika."

"Ndiyo ninayoitaka."

"Basi mmefanana. Wote hamna breki."

Soko zima likacheka, na yeye akacheka, akaipanda palepale akiwa na kanga juu ya suruali. Wanasema alirudi baada ya nusu saa kwa sababu hakujua namna ya kuisimamisha.

Aliyemweleza ile ni baiskeli gani alikuwa Mzungu mmoja aliyekuja kuchimba visima, na ambaye ujanani mwake alikuwa mwanamichezo. Alimwambia kwao kuna uwanja wa mbao uliopinda kama bakuli, wapanda baiskeli wanauzunguka upande mmoja tu, na hakuna breki kwa sababu atakayefunga breki mbele ya wenzake atawaumiza wote. Akamchorea chini kwa kijiti. Akamwambia vijana wa Ulaya hushindana humo kila mwaka, ubingwa wa vijana.

"Wa miaka mingapi?" Nesi aliuliza. Hilo ndilo lililokuwa swali lake la kwanza kwa kila jambo.

Baada ya hapo hakulala vizuri. Alinijia ofisini kuomba barua ya kutumia kiwanja. Tulimpa eneo Ihumwa, upande wa reli, mahali ambapo hapakuota hata mbaazi. Akawaita akina mama waliojua kusakafia nyumba za tembe. Wakaponda udongo wa kichuguu, wakaumwagia maji, wakaupiga kwa mbao bapa siku baada ya siku hadi ukawa unalia kama sakafu ya chumba. Kingo za kona mbili waliziinua. Hazikusimama kama zile za Ulaya, lakini ziliinuka vya kutosha hadi mtu akipita kwa kasi aliegemea hewani. Abiria wa treni walitoa vichwa madirishani. Kila msimu wa mvua duara lilimomonyoka, na kila mvua ilipokatika akina mama walirudi na mbao zao, Nesi akiwaimbisha.

Mimi nilikwenda kila Jumamosi. Ofisini nilikuwa mtu wa kugonga mihuri, pale nilikuwa mtu. Nilishika bendera.

Mwajuma alitokea mwaka wa tatu wa duara. Alikuwa amekuja kukaa na shangazi yake Ihumwa, na Nesi alimwona akipandisha kilima na madumu mawili ya maji kwenye baiskeli ya kukodi bila kuinuka kwenye siti. Akamsimamisha.

"Wewe, wa wapi?"

Mwajuma akataja kijiji chao, upande wa Chemba. Nesi akamtazama usoni, akamwuliza jina la mama, akampeleka kwa baiskeli hadi bandani Nkuhungu na kufungua daftari. Nilikuwapo. Alipitisha kidole, akasoma kwa sauti: "Ijumaa. Alfajiri. Upepo." Kisha akamwambia yule binti, "Mimi ndiye niliyekupiga makofi ya kwanza."

"Basi shikamoo, Bibi," alisema Mwajuma. "Na usinipige tena."

Ndivyo alivyokuwa. Watu wa kwao wanasema lugha yenye vidoko, ile milio ya ulimi kwenye kaakaa, na alipozunguka alihesabu mizunguko kwa lugha hiyo, ta, kla, kwa nguvu kiasi kwamba wenzake walimwigiza nyuma. Hawakumwigiza kwa muda mrefu, maana ili umwigize ilibidi uwe karibu naye. Nesi alisimama katikati ya duara, saa mkononi, naye akizunguka palepale alipo ili asimkose kwa macho. Alipomaliza alimshika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo, akaandika.

Baba yake Mwajuma alikuja kumchukua. Mtu mpole, mkulima, kofia ya kiua kichwani. Alisema hakatai michezo, ila amesikia kwamba binti akipanda baiskeli sana huharibika.

"Huharibika wapi?" Nesi alimwuliza.

Mzee akatazama chini. "Ninyi manesi mnajua."

"Ndiyo, tunajua. Mimi nilimtoa na mimi nilimkagua. Kingekuwapo cha kuharibika na baiskeli ningekuambia siku ileile."

Akina mama wa kusakafia walicheka hadi wakaweka mbao chini. Baba mtu akacheka pia, akakaa kutazama, na jioni aliondoka peke yake.

Mzungu wa visima akaandika barua kwao. Waandaaji wakajibu kwamba mwaka ule wangepokea vijana wachache waalikwa kutoka nje ya Ulaya, mmoja anaweza kuwa wetu. Walitaka fomu, muda aliopata, uthibitisho wa tarehe ya kuzaliwa, na pasipoti. Yote yapitie ofisi yetu. Yaani kwangu.

Nesi alikuja na daftari, amenakili ukurasa kwa mkono wake. Hakukaa. Alizunguka meza yangu akinisomea herufi kwa herufi.

"Andika kama ilivyo, Karani."

"Nimekusikia, Nesi."

"Ana kumi na saba kamili. Wao wanataka wa kumi na saba na kumi na nane. Ametosha kama kifuniko na chungu."

"Niachie mimi."

Akaniachia. Na mimi, alipoondoka, nilipunguza miaka miwili.

Nimejaribu kueleza jambo hili kwa watu wa umri wangu na wanaelewa upesi, jambo linalonitia huzuni zaidi. Tulikuwa tunapunguza. Timu za shule, mashindano ya mkoa, nafasi za kurudia darasa la saba, kila fomu ya kijana iliyopita mbele yangu ilikuwa na miaka iliyopunguzwa, na kama haikupunguzwa niliona mwenzangu amesahau. Kupunguza ilikuwa kumtakia mtu mema. Ile barua ya Kiingereza niliisoma, na niliielewa. Niliona kumi na nane nikaiita ukuta. Kumi na saba sikuiona kama kitu, maana nani duniani angezuiwa kwa kuwa mdogo? Nikasema safari za Wazungu huchelewa, akichelewa mwaka mmoja au miwili bado atakuwa ndani. Nikachagua tarehe ya kubuni. Shangazi yake hakujua kusoma. Aliweka dole gumba kwenye hati ya kiapo kwa sababu mimi ndiye niliyemwonyesha pa kuweka. Pasipoti ikatoka na tarehe hiyo. Niliifungia ofisini, nikijiona nimefanya kazi nzuri.

Jibu lilikuja wakati Mzungu wa visima ameshamaliza mkataba na kurudi kwao. Barua ilikuwa ya heshima. Muda wa binti ni mzuri sana, ilisema, lakini hajafikisha umri wa chini. Wanamkaribisha baada ya miaka miwili. Na mstari wa mwisho: kama kuna kosa katika tarehe, tutume uthibitisho kabla ya mwisho wa mwezi.

Uthibitisho ulikuwa Nkuhungu, ndani ya daftari lenye jalada gumu. Kwenda na kurudi ni saa moja kwa miguu. Lakini wiki ile orodha mpya ilikuwa inasemwa. Nikikiri kosa, kuna kiapo cha uongo, na saini yangu ipo chini yake. Nilikuwa na watoto wanne. Nilijiambia nitakwenda Jumatatu. Nikajiambia nitakwenda baada ya orodha. Orodha ikatoka, sikuwamo, na mwezi ulikuwa umekwisha.

Ndipo nikaenda. Nesi alikuwa anazunguka pipa.

"Nafasi zimejaa," nilimwambia.

Akasimama. Tonge mkononi, mguu mmoja mbele. Sikuwahi kumwona akisimama hivyo.

"Zimejaa watoto wenye mbio kuliko za Mwajuma?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza hata kunyamaza. Nilisema, "Nadhani."

Hakuuliza lingine. Alirudisha tonge kwenye sahani, akalifunika. Mwaka ule mvua ilipomomonyoa duara, akina mama hawakuitwa. Mwajuma alirudi kwao, akaolewa, akalima. Miaka miwili ikapita na hakuna aliyeandika barua nyingine. Mimi ndiye niliyekuwa na anwani. Nesi aliendelea na banda, akazeeka akitembea. Tulipokutana njiani alinisalimu vizuri, akaniuliza habari za watoto mmojammoja kwa majina na kwa siku walizozaliwa, na kila alipoitaja tarehe sahihi nilihisi kama nimebanwa kidole mlangoni.

Mwaka huu nilipokuwa napanga vitu vyangu, maana mtu wa umri wangu hupanga vitu, nilitoa ile pasipoti nikamwona Mwajuma kwenye picha. Amebana mdomo ili asicheke. Nikavaa koti nikaenda Nkuhungu asubuhi.

Nesi amekuwa mdogo. Ana fimbo. Lakini bakuli lilikuwa juu ya pipa, naye alikuwa analizunguka, mkono mmoja ukutani.

"Shikamoo Nesi."

"Marahaba Karani. Umekonda. Unaumwa nini?"

Nikampa pasipoti. Nikamweleza yote, na kwa kuwa alikuwa anatembea nilieleza kwa vipande, kila alipopita, kama zamani. Miaka miwili. Barua. Mstari wa mwisho. Orodha. Alipopita mara ya mwisho hakuendelea. Aliingia ndani akatoka na daftari, akaliweka juu ya pipa kando ya mlenda, akatafuta ile tarehe niliyoibuni.

"Siku hii nilipokea mapacha," alisema. "Jumanne. Mvua." Akaligeuzia upande wangu nione. "Umemchukua mtoto wa Ijumaa ukamzaa Jumanne ya watu."

"Nisamehe, Nesi."

"Unajua mimi nilimwambia nini?"

"Hapana."

"Nilimwambia ukweli. Mimi nilidhani ni ukweli, umetoka ofisini. Nilimshika mabega nikamwambia, mwanangu, kule wako wenye miguu kuliko yako. Muda wako kwenye saa haukutosha. Nikamwambia asilie." Alikuwa ananitazama moja kwa moja. "Hakulia. Alisema, sawa Bibi. Akavua viatu vya mashindano akanirudishia, akatembea peku hadi kwa shangazi yake. Ana wajukuu sasa. Miaka yote hii anajua miguu yake haikutosha, na aliyemwambia ni mimi."

Nilikuwa nimejipangia aibu yangu mwenyewe njia nzima, na hata siku moja sikuwa nimefikiri kwamba lile neno langu moja lilikwenda mahali, likakaa ndani ya mtu.

"Nisamehe," nilisema tena.

"Usiniombe mimi."

Akavuta kigoda akaketi. Nesi, ameketi, mgongo umeinama, kichwa chini. Nikafikiri, basi nimemvunja. Nikasogea nimshike mkono.

Kumbe alikuwa anavaa viatu.

"Basi la Kondoa, linalopita Chemba, linaondoka saa ngapi?"

"Saa sita. Lakini Nesi, wanasema daktari amekukataza safari."

"Daktari huyo nilimpokea mimi. Jumatano. Alichelewa kulia." Alifunga kamba, akasimama kwa fimbo, akabana saa yake kifuani. "Beba daftari. Na hiyo pasipoti, ina mwenyewe, utampa kwa mkono wako. Mimi nitasimama pembeni nikusikie."

Tukatoka. Ana zaidi ya miaka themanini na alikuwa mbele yangu. Vumbi lilikuwa limetulia, jua limeshakuwa kali. Hatujafika barabarani akageuka.

"Utaanza na nini ukimwona?"

"Nitamsalimu. Nitamwuliza habari za nyumbani, halafu nitamweleza jinsi kazi za ofisi zilivyokuwa wakati ule..."

"Hapana. Anza na jambo lake."

Nikajaribu. Nikalikumbatia daftari. Watu wawili wenye ndoo walitupita wakatuangalia, mzee na bibi wamesimama katikati ya njia, mmoja ana daftari kifuani.

"Mwajuma," nilisema, "miguu yako ilitosha."

Nesi alitazama saa yake, akaanza kutembea.

"Tena," alisema.